Ngozi ya Nani Ilipimwa?

Wahadhiri wenzangu, wauguzi mliotoka zamu kuja kutusikiliza, nanyi wanafunzi wa uhandisi tiba: nimejibana kidoleni oksimita, kifaa cha kupima oksijeni katika damu, na inasoma asilimia 97. Namba hiyo haikutoka kwenye damu moja kwa moja. Taa mbili, nyekundu na ya infraredi isiyoonekana kwa macho, zinapenya kidole. Himoglobini yenye oksijeni na isiyo nayo huzinyonya kwa viwango tofauti, na kwa kuwa damu ya ateri huja kwa mapigo, kifaa hutenga mwanga unaopandashuka na ule unaozuiwa daima na ngozi na mfupa. Wazo hilo lililetwa na mhandisi wa Japani, Takuo Aoyagi, mwaka 1974.

Ila uwiano wa taa hizo hugeuzwa kuwa asilimia kwa jedwali, na jedwali hupatikana kwa kuwapunguzia oksijeni watu wazima wenye afya huku damu yao ya ateri ikichotwa na kupimwa. Basi ni ngozi ya nani iliyopimwa? Mwongozo wa mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, wa mwaka 2013 ulitaka watu 10 au zaidi, wenye ngozi nyeusi wakiwa angalau wawili au asilimia 15. Wawili! Isitoshe, kosa la kifaa hukokotolewa kwa kundi zima, kwa hiyo upotofu kwa hao wawili humezwa na usahihi kwa wanane.

Desemba 2020, Michael Sjoding na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba, pale oksimita iliposoma kati ya 92 na 96, kiwango halisi kilikuwa chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa Weusi, dhidi ya 3.6 kwa Weupe. Rasimu ya mwongozo mpya wa FDA ya Januari 2025 inapendekeza watu 150 au zaidi.

Saa za mkononi zinazopima oksijeni zina shida yake. Hutegemea mwanga unaorudi kutoka kifundo cha mkono, ambako mapigo ni hafifu, na nyingi huuzwa kama vifaa vya siha tu. Kisheria, kinachoamua si taa zilizomo bali matumizi anayoyadai mtengenezaji. Kihisi kilekile huweza kuwa kifaa tiba leo, na kesho pambo lisilokaguliwa kama kifaa tiba. Mimi naona huo ni mwanya mpana mno.

Hapa Tanzania, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, TMDA, huvipanga vifaa tiba katika madaraja ya hatari kuanzia A hadi D. Kwetu ngozi nyeusi si asilimia 15 ya wagonjwa. Ni karibu wodi nzima. Kwa hiyo mwagizaji akileta jalada la kifaa chake, msiishie kwenye cheti cha nchi ya nje: fungueni ripoti ya majaribio, mhesabu washiriki wenye ngozi kama zetu, kisha mdai kosa la kifaa kwao lionyeshwe peke yake.