Shikeni Rula Kwanza: Bega Lililovunjika na Makubaliano ya Mabingwa

Ndugu zangu, wengine mmenisikia nikilisema hili hadi mmechoka, na leo nalisema tena: madaktari bingwa wa mifupa ishirini kukubaliana ndani ya chumba kimoja kuhusu tiba si ushahidi.

Naomba ile picha ya eksirei. Huyu ni mama aliyeteleza akaangukia mkono, mfupa umevunjika begani. Tangu mwaka 1970 tunatumia mgawanyo wa Charles Neer, mpasuaji wa mifupa wa Marekani, kuhesabu mfupa umevunjika vipande vingapi: kipande kinahesabiwa kikiwa kimesogea zaidi ya sentimita 1 au kimepinda zaidi ya nyuzi 45. Kukariri ni rahisi. Sasa shika rula. Ukingo wa kipande uko kwenye kivuli hiki, au hiki cha chini yake? Mgonjwa akigeuza mkono kidogo kwa maumivu, sentimita yako imepotea. Niliwahi kumwonyesha picha kama hii mwalimu wangu, bingwa ninayemheshimu hadi leo. Akasema vipande vitatu, tupasue, tuweke bamba la chuma la kushikilia mfupa. Baada ya wiki kadhaa nikamrudishia picha ileile, jina limefunikwa. Akaitazama kwa makini yaleyale, akasema vipande viwili, mfungeni mkono, aanze mazoezi mapema. Hakuwa mzembe! Tafiti za mwaka 1993 zilionyesha hayohayo: mabingwa hupishana wao kwa wao, na hata mtu na jibu lake mwenyewe la awali.

Sasa kama hatukubaliani kuhusu tunachokiona, makubaliano yetu kuhusu tiba yamesimama juu ya nini?

Ndiyo maana siachi kuutaja utafiti wa PROFHER wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2015. Wagonjwa 250 waligawanywa kwa bahati nasibu: hawa wapasuliwe, hawa wafungwe mkono kwa kitambaa. Wakafuatiliwa miaka 2, wakiulizwa wao wenyewe bega linafanyaje kazi. Katika alama 48, nyingi zikiwa ndiyo nafuu, waliopasuliwa walipata wastani wa 39.07, wasiopasuliwa 38.32. Tofauti hiyo mgonjwa haihisi.

Mtaniambia, "Lakini daktari, wale ambao mpasuaji aliona wazi wanahitaji kisu hawakuingizwa." Kweli, hawakuingizwa. Nami sizungumzii mfupa uliotoboa ngozi, wala bega lililovunjika na kuteguka kwa pamoja. Nauliza hao wengine: nani aliona wazi? Ni jicho lilelile lililoshindwa na rula. Hoja yenu inadai nao wafanyiwe utafiti. Haitupi ruhusa ya kuwapasua kwa mazoea.

Muda unaniishia, niharakishe. Kiungo bandia cha kugeuzwa, yaani bega bandia ambalo tufe na kikombe vyake vimebadilishana nafasi: huko Norwei, matokeo ya mwaka 2020 kwa wenye miaka 65 hadi 85 yalionyesha kinalishinda bamba. Vizuri, ila kilishindanishwa na bamba, si na kitambaa. Njia ya Delphi nayo, yale madodoso ambayo mabingwa huyajaza mzunguko baada ya mzunguko ili wafikie makubaliano, hupima mawazo yetu yamekaribiana kiasi gani. Haipimi kama yule mama anaweza kuinua mkono akachana nywele.

Maswali baadaye. Rula ziko pale mezani. Kila mmoja aipime picha hii na aandike jibu lake bila kumchungulia jirani.