Nimeota nimefika Pangani, kwa bibi sikufika

Assalamu alaykum ndugu zangu. Wakubwa wote mnaonitazama, shikamooni. Leo sijajipamba, mnaniona na kanga yangu ya kulalia, na taa hiyo nyuma ni ya jikoni. Huku Minneapolis ni saa kumi na moja alfajiri. Huko kwenu saa nane mchana, mmeshakula. Nje theluji imenifika magotini na zamu yangu inaanza saa moja, lakini sikuweza kwenda kazini kabla sijazungumza na nyinyi.

Nimeota.

Nimekaa kitandani karibu nusu saa najiuliza, niisimulie au ninyamaze? Sisi tumelelewa hivyo. Ukiota vibaya, unatema mate kushoto mara tatu, unaomba kinga kwa Mungu, unageukia ubavu wa pili na huisemi kwa mtu. Ndoto njema unamsimulia akupendaye. Hata Nabii Yusuf, baba yake alimkataza kuwasimulia ndugu zake. Sasa hii yangu sijui niiweke upande gani. Basi nimeona niwaambie nyinyi, kwa sababu mnanipenda, mmenionyesha hivyo tangu nilipoanza hizi video.

Niko kwenye ndege. Ile ya kutoka Amsterdam, inayotua Kilimanjaro kwanza halafu inamalizia Dar. Mkanda nimefunga, blanketi miguuni. Mara anapita konda, anachezesha sarafu mkononi, "Nauli huko nyuma!" Nikampa paspoti, akaikunja kama noti akaitia kwenye vidole pamoja na nyingine. Nikachungulia dirishani naona michungwa. "Muheza hiyo, Muheza wa kushuka!" Ndege imesimama, vijana wananinyooshea machungwa yaliyomenywa. Nikalipa dola, nikarudishiwa chenji ya shilingi, na ndotoni hesabu ilikubali kabisa.

Nikashuka. Lakini sikushukia Muheza, nikajikuta Ngamiani, Tanga mjini, namtafuta shangazi. Mnaoijua Ngamiani mnajua mitaa yake inaitwa kwa namba. Shangazi yangu anakaa barabara ya 12. Nikatoka ya 11, nikaingia ya 13. Nikageuka, nikatoka ya 13, nikaingia ya 11. Ya 12 haipo! Begi zito, jua la utosi, na mimi nimevaa koti la theluji. Ndipo nikasikia sauti, "We mtoto, unatafuta nini na umekaa barazani kwangu?" Kutazama, kweli nimekaa, na kikombe cha kahawa mkononi, cha moto.

Nikamwamkia. Hakuitikia marahaba. Akaniuliza, "Umeshakwenda kwa bibi yako?"

"Bado, shangazi."

"Basi humu ndani huingii."

Hapo hakukuwa na uongo wa ndoto, ndivyo tulivyo. Ukirudi safari unaanza kwa mkubwa. Begi halifunguliwi kabla hujampa mkono.

Lakini begi lilifunguliwa. Akatokea mama mdogo, sijui katokea wapi, akavuta zipu. Mimi nilipakia kilo 23 zangu vizuri, viatu vya watoto, manukato, dawa ya baba ya miguu. Yeye akatoa mbuzi. Mbuzi ya kukunia nazi, ile ile ya nyumbani, kiti chake kimeng'aa kwa kukaliwa, na jino lake lina pengo pembeni. Akaikalia, akaanza kukuna. Kwaru, kwaru, kwaru. Nazi ikawa inajaa, ikapita sinia, ikapita ua, ikawa inashuka kutoka juu. Nikaitia mkononi ikayeyuka. Theluji. Na watoto wa mtaa mzima wanaichota kwa vikombe wanakula, wananiambia ni tamu.

Nikakimbia. Kutoka Tanga hadi Pangani ni kilomita kama 50, mimi nilifika kwa hatua tatu, nikasimama pale mtoni kwenye pantoni. Wasioijua Pangani niwaambie, mji uko ng'ambo ya kaskazini, Bweni iko ng'ambo ya kusini, na mto unakatiza katikati hapo hapo unapoingia baharini. Bibi yangu alikuwa wa Bweni. Utoto wangu wote nimevuka pale, unasimama pembeni ya baiskeli za watu na matenga ya samaki, na hujakaa sawa umeshafika.

Ndotoni pantoni iliondoka, lakini Bweni haikusogea. Namwona bibi amesimama chini ya mnazi, kajifunga kanga ya kisutu. Nikamgeukia nahodha nimwambie aongeze mwendo. Nahodha akawa ni yule bibi wa Kimarekani ninayemhudumia kazini, yuko kwenye kiti chake cha magurudumu, kavaa kikoi. Ananiangalia tu.

Bibi akapaza sauti. Yeye tangu zamani aliniita mke mwenzangu, kwa utani wa babu na mjukuu. "Mke mwenzangu! Umekula?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Likatoka Kiingereza.

Nikajaribu tena. Kiingereza. Kiswahili chote kimenikauka, hata "bado" siipati. Bibi akatega sikio, akaweka mkono nyuma ya sikio hivi, akatikisa kichwa, hanielewi. Hapo nikaamka, nalia, na neno la kwanza lililonitoka lilikuwa "bado". Nimelisema peke yangu gizani, bado bibi, bado sijala.

Samahani. Nipeni dakika.

Wengi hamjui kuwa bibi alifariki Aprili 2020. Mwezi ule Tanzania ilikuwa imesimamisha ndege za abiria za kimataifa, zikafunguliwa tena Mei 18. Sikumwosha, sikumuona, sikukaa matanga. Nilipata picha ya kaburi kwenye simu, na siku ile ile nikaingia zamu. Kazi yangu mnaijua, nalea wazee. Nilimwogesha yule bibi, nikamkausha vidole vya miguu kimoja kimoja maana ngozi yao ni laini, inachubuka. Nikamaliza nikajifungia stoo ya mashuka. Bibi wa watu nimemkausha miguu, wangu kaoshwa na majirani. Mungu awalipe wale kina mama wa Bweni. Sijawahi kuwashukuru hadharani, leo nawashukuru.

Nimempigia mama kabla ya kuwasha kamera. Hakuuliza ndoto ina maana gani. Ameuliza, "Alikuwa amevaa nini?" Nikamwambia kisutu. Kanyamaza. Halafu akasema, "Ile ninayo mimi, iko sandukuni." Akaniuliza tena, "Alikupa kitu?" Nikasema hapana, kaniuliza nimekula. Mama akasema basi anataka watu wale. Alhamisi hii atapika wali, watoto wa madrasa waje wamsomee, na kwa wakubwa atasonga bada, ule ugali wa muhogo, kwa samaki wa nazi, maana ndicho bibi alichopenda. Hela nimeshatuma.

Na tiketi nimekata. Nilikuwa nasubiri hiki, nasubiri kile, gari liishe deni. Nimekata usiku huu huu, nasafiri mwezi wa sita.

Sasa nina ombi kwa watu wa Pangani. Nimeona kwenye video zenu lile daraja la mita 525 linavyojengwa, na nawafurahia, mgonjwa hatangoja tena usiku kucha ng'ambo. Lakini mimi nataka nivuke kwa pantoni, kama tulivyokuwa tunavuka. Niambieni kwenye maoni kama mpaka mwezi wa sita itakuwepo. Na ukivuka leo jioni, nirekodie ule mlango wake wa chuma unaposhushwa upande wa Bweni, ule mlio wake wa kukwaruza zege. Sekunde kumi tu zinanitosha. Nitausikiliza kwenye basi nikienda kazini.