Tumbo la Paka Mtoto na Watu Wanaomlisha

Ahsante mwenyekiti. Nimeona akina mama wawili hapa mbele wamekuja na pakiti tupu za chakula cha paka, wanasubiri niwaambie ipi ni nzuri. Wekeni chini kwanza. Mara nyingi kinachomharisha huyo paka si pakiti, ni nyumba nzima.

Walionisikia siku nyingine watasema daktari anarudia yaleyale. Narudia, ndiyo. Kisa ni kilekile kila wiki, kinachobadilika ni rangi ya paka.

Niwape mmoja. Mama mmoja wa hapahapa Dar aliniletea paka wa miezi mitatu hivi, mifupa ya mgongo unaihesabu kwa kidole, manyoya ya nyuma yamegandamana kwa kinyesi. Kwenye kikapu ana pakiti za kila namna: ya kuku, ya jodari, ya sungura, na moja ya salmoni, samaki ambaye mimi niliye na shahada sijamnunua kwa ajili ya wanangu. "Daktari, zote nimejaribu. Huyu anachagua mno, na akikubali kula, anaendesha. Tumbo lake halitaki kitu." Nikamuuliza, mbali na hizi anakula nini? "Hakuna kingine. Pakiti tu."

Sikubishana naye. Nyuma yake alisimama binti wa kazi, amekumbatia boksi la paka, macho sakafuni. Nikamgeukia yeye. Asubuhi mkinywa chai, paka anakuwa wapi? Akamtazama mama, kisha akasema, "Chini ya meza." Anafanya nini huko? "Baba anammiminia maziwa kwenye kisosi." Mama akaruka: "Kidogo tu!" Haya, mchana? Mchana mtoto akirudi shule wanagawana soseji. Jioni babu, aliyekuja kutoka Tanga na hakuna aliyemwambia lolote, anamtupia kichwa cha samaki wa kwenye mchuzi. Usiku sasa mama anarudi kazini, anakuta pakiti ya kuku haijaguswa. Roho inamuuma, anafungua ya jodari. Ikinuswa ikaachwa, anafungua ya salmoni.

Mnacheka. Wengine mnacheka kwa sababu babu ni wa kwenu.

Huyo paka alikuwa ameshiba, na alikuwa ameshajifunza kwamba akigeuza shingo, kinakuja kitu kitamu zaidi. Hiyo si deko aliyozaliwa nayo, amefundishwa. Na tumbo nalo linahitaji siku kadhaa kuzoea chakula kipya, kwa maana ya vimeng'enya vyake, yaani vile vinavyoyeyusha chakula, na bakteria wanaoishi mle ndani. Ukibadilisha leo, na kesho, na kesho kutwa, kinyesi lazima kilainike. Kikilainika unasema chakula kimemkataa, unanunua kingine. Ndiyo mzunguko wenyewe. Paka anayechagua na paka mwenye tumbo bovu mara nyingi ni paka mmoja, na aliyemtengeneza ni mfungua pakiti.

Tulimfanyia nini? Dawa ya minyoo, chakula kimoja cha aina moja ya nyama, sahani inaondolewa baada ya nusu saa, na maziwa marufuku. Babu alipewa taarifa rasmi.

Sasa hayo maziwa. Najua hapa kuna mtu moyoni anasema, lakini paka na maziwa ni chanda na pete. Paka mchanga ana kimeng'enya cha kuyeyusha laktosi, sukari ya kwenye maziwa, ili anyonye. Akiachishwa, kwenye wiki ya saba au ya nane, kimeng'enya hicho kinaendelea kupungua. Laktosi isiyoyeyushwa inavuta maji ndani ya utumbo, bakteria wanaichachua, matokeo yake mnayafuta ninyi kwenye zulia. Na msinibadilishie hoja kwamba kitoto kisicho na mama nacho kipewe ya ng'ombe. Maziwa ya paka yana protini zaidi ya mara mbili ya hayo ya ng'ombe. Yapo maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya vitoto vya paka, tafuta hayo.

Halafu atanyanyuka mwingine: mbona paka wa soko la samaki la Feri wanakula matumbo ya samaki na hawadhuriki? Ndugu yangu, unaowaona Feri ni waliobaki. Waliokufa wadogo hawakukusubiri uwahesabu. Na yule wa tatu, huyu hakosekani: bibi yangu alilea paka kwa ugali na dagaa. Paka wa bibi yako alikuwa na ghala. Ugali aliupokea kwa heshima, usiku akaenda kula panya mzima, moyo, maini na mifupa. Wako wewe yuko ghorofa ya tatu Upanga, panya atamtoa wapi?

Hilo la panya si mzaha. Paka hawezi kuishi bila nyama, kwa sababu kuna vitu mwili wake hautengenezi vya kutosha, na kimojawapo ni taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama. Hata viwanda vilikuwa havijaling'amua hilo sawasawa. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka waliokuwa wakifa kwa moyo uliotanuka na kudhoofika walipungukiwa taurini, wakati walikuwa wanakula vyakula vya dukani. Walipoongezewa, mioyo ikapata nafuu. Kwa hiyo wewe unayemchemshia kidari cha kuku ukamwaga supu, ujue taurini inayeyuka kwenye maji, na sehemu yake imeshaingia sinki. Kidari kisicho na chumvi wala kitunguu kinafaa kwa siku mbili tatu, tumbo litulie. Hicho si chakula cha kumkuzia mtoto.

Ndiyo maana nasisitiza chakula cha pakiti au cha kopo, na nasisitiza mkisome nyuma. Mbele kuna picha tu. Nyuma kunatakiwa kuandikwe kwamba ni chakula kamili, na kwamba ni cha vitoto au cha paka wa umri wote. Vingine vimeandikwa kuwa ni vya nyongeza, na vipo vizuri sana kwa sura, minofu mitupu inang'aa, lakini hivyo ni kitafunio. Ukimlisha hivyo peke yake mwezi mzima unamdhoofisha kwa gharama kubwa.

Na msidanganywe na asilimia. Pakiti ya majimaji inasema protini 10, ile kavu inasema 32, mtu anakimbilia kavu. Ondoeni maji kwanza. Ya majimaji ikiwa na maji asilimia 80, kilichobaki ni 20, na protini ni 10 kati ya hizo 20. Nusu! Ile kavu ina maji 10 hivi, 32 kati ya 90 haifiki hata asilimia 36. Tena hayo maji yenyewe ni faida, paka si mnywaji hodari, na anayeharisha anakauka upesi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, haraka haraka.

Aina: ukiona paka analamba mchuzi na kuacha vipande vimepangana kama kokoto, usimbadilishie ladha. Mjaribishe ile pakiti iliyosagwa laini, ambayo mara nyingi haina wanga mwingi kama ile ya mchuzi mzito. Usimpe kutoka kwenye friji. Weka bakuli juu ya maji ya moto mpaka chakula kifikie joto la mwili, harufu itoke, maana paka anakula kwa pua. Mara nne kwa siku, kidogo kidogo. Kama ni lazima kubadilisha, basi robo kwa robo, siku saba mpaka kumi.

Minyoo: inapita kwenye maziwa ya mama, kwa hiyo usiulize kama anayo. Dawa tangu wiki ya tatu, kila baada ya wiki mbili mpaka aachishwe, kisha kila mwezi mpaka miezi sita, na kipimo akupe daktari. Hili peke yake lilistahili mhadhara wake, basi tena.

Damu kwenye kinyesi, kutapika, au kitoto kugoma kula siku nzima: hapo si suala la ladha, mleteni siku hiyohiyo. Na panadol msithubutu kumpa, kidonge kimoja kinaua paka mkubwa.

Swali la bei nalijua linakuja, nilijibu kabisa. Zile pakiti za gramu 85 ni ghali. Linganisha bei kwa gramu na kopo la gramu 400, utaona mwenyewe, ila hakikisha nalo limeandikwa kamili na la vitoto. Ukilifungua, toa chakula chote kwenye kopo, cha siku mbili weka kwenye chombo chenye mfuniko ndani ya friji, kinachobaki gawa mafungu ya mlo mmoja mmoja ugandishe. Kilichokaa kwenye sahani saa nzima kwa joto hili la Dar, mwaga.