Video imepigwa kleimu kwa biti ulilonunua kihalali? Twende tuipinge

Haya wadau, leo sitengenezi biti, leo ni kleimu, maana inboksi imejaa watu wananiandikia "prodyuza nimelipia biti lako, nimepandisha ngoma YouTube, mtu nisiyemjua anasema ni yake". Tulia kwanza. Biti la kukodi mnauziwa wengi, sasa mwenzako mmoja kapeleka ngoma yake kwa msambazaji wa muziki mtandaoni akaweka tiki kwenye Content ID, ile mashine ya YouTube inayosaka kazi za watu kwenye video za wengine, mashine ikasikia kinanda kilekile kwako ikajua umemwibia. Kwenye leseni zangu nimeandika kwa herufi kubwa kabisa USISAJILI CONTENT ID, ila nani anasoma.

Fungua YouTube Studio, mi napenda kwenye kompyuta, simu inabana. Nenda kwenye video zako, angalia safu ya vizuizi, penye neno hakimiliki bonyeza uone maelezo... ngoja ngoja, imeili yangu inaonekana hapo juu, ntaifunika kwenye kuediti. Haya. Inazunguka, bando langu hilo jamani. Imefunguka.

Hii ni kleimu, sio straiki, usichanganye. Kleimu inachukua hela ya matangazo au inazuia video, chaneli yenyewe haina doa. Straiki ndo onyo la hakimiliki kwa chaneli yako, zikifika 3 ndani ya siku 90 chaneli inaweza kufungwa mazima.

Bonyeza kupinga. Sasa hapa naomba msikilize, achana na chips zako kidogo. Inakuuliza sababu, na watu karibu wote wanachagua "kazi yangu mwenyewe" kwa sababu wameimba wenyewe. Hapana! Sauti yako, biti sio lako, umekodi. Chagua LESENI. Narudia, leseni, hata kama mashairi umeandika wewe na video kashuti binamu yako, leseni. Kwenye maelezo andika jina la biti, jina la prodyuza, tarehe uliyonunua na namba ya leseni, na andika Kiingereza, aliyekudai anaweza kuwa Brazil huko. Usimtukane, anayesoma ni yeye huyohuyo.

Tuma. Ana siku 30 za kujibu, akikaa kimya kleimu inatoka. Na wewe unayelipwa matangazo, pinga ndani ya siku 5 tangu kleimu iingie, hela inawekwa pembeni kuanzia siku ya kwanza ya kleimu mpaka ijulikane ni ya nani, ukichelewa inahesabiwa tangu siku uliyopinga.

Akikataa unakata rufaa, hapo ana siku 7 tu, ila anaweza kuomba video itolewe na wewe ukala straiki, so kama leseni huna usifike huku. Nimesema leseni mara ngapi? Na ukila straiki ukataka kujibu rasmi, jina lako kamili na anwani yako vinaenda kwa aliyekudai, halafu ana siku 10 za kazi kuonyesha amefungua kesi. Kufuta video hakuondoi straiki, msidanganyane.

Umepoteza leseni ya biti langu, nitumie risiti nikupe nyingine bure. Unataka biti la peke yako lisiimbwe na mtu mwingine, bei ziko hapo chini, na ndio, ni ghali.