Diwani ndani ya gari la SM: bima akate nani?

SOMOE: Karibuni wasikilizaji wetu wa Mtwara, Lindi na popote mlipo. Mimi ni Somoe, niko na kaka yangu Issa. Leo tunalo swali la msikilizaji wa Tandahimba: mwenyekiti wa halmashauri yuko ziarani, gari la SM likagonga mtu. Anayebeba mzigo ni mwenyekiti, dereva au halmashauri?

ISSA: Mwenyekiti hapana, dada Somoe, maana gari si lake. Namba za SM ni za serikali ya mitaa. Meya, mwenyekiti, diwani, wote hao ni watumiaji. Uchaguzi wa Oktoba 2025 umeleta sura mpya na kuondoa za zamani, lakini magari yamebaki palepale uani. Mwenye mali ndiye mwenye wajibu wa bima. Tena Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inakataza kuendesha gari barabarani bila bima ya mtu wa tatu, ile tunayoiita bima ndogo, inayomlipa mtu wa nje aliyegongwa, na inamkataza pia mtu kumwachia mwenzake aliendeshe likiwa halina.

SOMOE: Kwa hiyo aliyetoa gari naye yumo.

ISSA: Yumo. Hawezi kusema mimi nilikuwa ofisini.

SOMOE: Lakini kaka, hoja hii umeisikia kama mimi: gari la serikali bima ya nini, serikali si itajilipia yenyewe?

ISSA: Naisikia, na inanikera, kwa sababu anayeisema hajawahi kukaa upande wa aliyegongwa. Chukua mkulima wa Kitangari, yuko kwenye baiskeli yake, gari limemvunja mguu. Gari halina bima. Afanyeje? Aidai halmashauri yenyewe. Halmashauri kisheria inaweza kushtaki na kushtakiwa, hilo sawa. Ila tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020, kuishtaki halmashauri ni sawa na kuishtaki Serikali. Unatoa kwanza notisi ya siku 90. Unamuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kesi yenyewe inafunguliwa Mahakama Kuu.

SOMOE: Na Mahakama Kuu ya huku kwetu ni Mtwara mjini.

ISSA: Hapohapo. Sasa mfikirie mtu wa Liwale, mguu kwenye plasta, hajui hata wakili anapatikana wapi. Siku 90 hizo hajaanza kesi, anasubiri tu. Mke anauza nini ili wale?

SOMOE: Na gari likiwa na bima?

ISSA: Anachukua PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, anatibiwa, trafiki wanaandika ripoti, namba ya bima ya gari inaandikwa, anapeleka madai kwenye kampuni. Sisemi kampuni zinalipa kesho yake, kuzungushwa kupo. Lakini akizungushwa anayo mahali pa kulalamikia, TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, ipo na ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ipo. Hata mambo yakifika mahakamani na akashinda, kampuni iliyoarifiwa kesi mapema inatakiwa ilipe hukumu hiyo.

SOMOE: Mimi nataka nigusie hela, maana hapo ndipo madiwani wanapolalamika kwamba bajeti ni finyu. Mapato ya ndani ya halmashauri zetu huku kusini yanategemea korosho. Ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3. Msimu ukiwa mbaya, wote mnaona, hata maboma ya madarasa yanasimama. Sasa hukumu moja ya fidia ikitua kwenye halmashauri isiyo na bima, italipwa na nini kama si ushuru uleule wa mkulima?

ISSA: Hapo umenena. Na ukilinganisha, bima ndogo ya gari dogo la mtu binafsi ni shilingi 118,000 kwa mwaka, VAT imo. Bima kubwa, inayolipa mpaka gari lenyewe, kwa gari binafsi inakwenda asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Likiwa na thamani ya milioni 100, hiyo ni milioni 3.5 kabla ya VAT. Si hela ndogo, nakubali. Ila ni hela inayojulikana mapema, inaandikwa kwenye bajeti. Ajali haiandikwi kwenye bajeti.

SOMOE: Basi nani aiandike?

ISSA: Mkurugenzi wa halmashauri. Yeye ndiye afisa masuuli, anayewajibika kwa fedha zake. Lakini madiwani wasijitoe, maana wao ndio wanaopitisha bajeti hiyo. Kwenye Kamati ya Fedha wanauliza mafuta, wanauliza posho. Sijui kwa nini karatasi moja yenye orodha ya magari yote ya SM, na mbele ya kila gari tarehe bima inapoisha, haiwekwi mezani. Mimi ningekuwa diwani, hiyo ningeidai kikao cha kwanza, kabla ya kupanda gari lolote.

SOMOE: Kuna jambo lingine wengi hawalijui. Hao walio ndani ya gari.

ISSA: Eeh, hilo ni zito. Bima ndogo kazi yake kubwa ni kumlinda mtu wa nje. Gari likipinduka kwenye mteremko wa Newala, masika, utelezi, kamati nzima imo, wasidhani bima ndogo itawafidia. Lazima mkataba uwataje abiria, na gari lenyewe linalipwa na bima kubwa tu. Waheshimiwa wanasaini posho ya safari bila kuuliza hilo.

SOMOE: Na diwani wa kata ya mbali anayekwenda kukagua zahanati kwa pikipiki yake mwenyewe?

ISSA: Hapo chombo ni chake, bima anakata yeye. Lakini safari ni ya halmashauri, na mikataba mingine ya bima inataja matumizi ya chombo. Ukikata bima ya matumizi binafsi kisha ukapata ajali ukiwa kazini, unaweza kubishiwa. Maoni yangu ni kwamba halmashauri ikimtuma diwani kwa chombo chake, kwanza ione bima na leseni yake, halafu ichangie gharama. Huwezi kumtumia mtu na pikipiki yake, halafu ajali ikitokea ukasema hiyo ni yake binafsi.

SOMOE: Na mwananchi wa kawaida atajuaje gari lina bima?

ISSA: Stika siku hizi ni za kielektroniki. Unaingia kwenye mfumo wa TIRA kwa simu, unaandika namba ya gari, unaletewa kampuni iliyokata na tarehe bima inapoisha. Jaribuni na gari la kata yenu.