Maziwa yanavyotudanganya macho

NEEMA: Karibuni tena. Mezani nina glasi mbili, moja ya maji ya chumvi, nyingine ya maziwa. Kaka Juma, ipi homojenasi?

JUMA: Zote, dada. Popote utakapochota ni kilekile. Siyo kama kachumbari, kijiko hiki kitunguu, kile nyanya.

NEEMA: Kachumbari ni heterojenasi, hatubishani. Ila kwenye maziwa umeteleza.

JUMA: Acha wee!

NEEMA: Maziwa mabichi yakilala kwenye sufuria, asubuhi unakuta nini juu?

JUMA: Malai! Kwetu tulikuwa tunagombania.

NEEMA: Basi ndiyo hayo. Mafuta hayajayeyuka mle, yanaelea tu. Ni vitone vidogo mno, vingi vina upana wa kati ya mikromita 1 na 10, na mikromita 1 ni milimita uliyoigawa mara 1,000. Jicho litaona weupe mtupu, hadubini itakuonyesha vitone.

JUMA: Mbona ya pakiti hayatoi malai?

NEEMA: Kuna Mfaransa, Auguste Gaulin. Mwaka 1899 alipata hataza ya mashine inayosukuma maziwa kwa nguvu kwenye vijitundu vyembamba. Vitone vinapasuka, vingi vinabaki chini ya mikromita 2, kwa hiyo kupanda juu kunavichukua muda mrefu sana. Kiwandani wanasema maziwa yamehomojenaizishwa. Jina hilo limewaponza wanafunzi wengi, maana kikemia bado ni heterojenasi. Ni koloidi, yaani vitone vidogo mno vya kitu kimoja vimetawanyika ndani ya kingine bila kuyeyuka.

JUMA: Nithibitishie.

NEEMA: Zima taa. Tochi ya simu ifunike kwa karatasi yenye tundu. Mulika ubavuni mwa glasi ya chumvi.

JUMA: Mwanga umepita tu, njia yake siioni.

NEEMA: Sasa hii hapa ya maji, natia matone mawili ya maziwa. Mulika.

JUMA: Ee! Mstari huo, umekatiza katikati. Una ubuluu kwa mbali.

NEEMA: Wanaita athari ya Tyndall. Vitone vinautawanya mwanga. Ioni za chumvi, yaani chembe zake zilizoyeyuka majini, ni ndogo mno, haziwezi kazi hiyo.

JUMA: Kwa hiyo homojenasi maana yake kitu safi, hakijachanganywa?

NEEMA: Hapana, na hapo ndipo watu wanapopoteza maksi. Maji ya chumvi ni mchanganyiko, tena homojenasi. Yachemshe yakauke, chumvi utaikuta imeganda chini ya sufuria. Halafu tia kipande cha barafu kwenye maji safi. Humo kuna maji peke yake, lakini moja ni gumu linaelea, jingine kimiminika, na mpaka wake unauona. Hiyo ni heterojenasi, ingawa dutu ni moja.

JUMA: Hiyo sikuitegemea. Haya, niachie hayo maziwa ninywe.

NEEMA: Glasi ipi? Hiyo uliyoshika ni ya chumvi.