"Mie Simezi Moshi"

Assalaam aleikum, mabibi na mabwana, na nyinyi vijana wa mashua mliojibanza huko nyuma karibu na mlango. Nimeombwa nieleze jinsi kemikali za tumbaku zinavyopimwa mwilini mwa mvuta siga. Nasema siga, ile nene inayovingirishwa kwa jani la tumbaku lenyewe, isichanganyike na sigara ya karatasi.

Hapa Malindi siga tumeletewa na Waitaliano. Ami yangu alikuwa akipeleka wageni baharini kutazama matumbawe, na jioni hurudi na Toscano moja mfukoni, nyeusi, imepindapinda kama mzizi. Huketi barazani akaikata katikati: nusu ya leo, nusu ya kesho. Ukimsemesha, jibu lake lilikuwa moja: "Mwanangu, mie simezi moshi. Nauonja tu."

Siku moja nikamletea kile kifaa cha kupuliza kinachosoma kaboni monoksidi, gesi itokayo kwenye moshi. Akavuta pumzi, akaizuia, akapuliza polepole. Ikatoka namba ya mtu asiyevuta. Basi hapo nilichekwa mpaka magharibi! Kifaa hakikusema uongo. Kiliulizwa jambo moja tu: katika saa chache zilizopita, moshi gani umefika mapafuni? Ami alikuwa amevuta jana yake, na ni kweli hakuwa akimeza.

Nani hapa bibi yake alikuwa akila tambuu? Naona mikono. Jani lilipakwa nini kabla ya kutiwa popoo na tumbaku? Chokaa, ahsante mama. Chokaa ni alikali, yaani kinyume cha asidi, na nikotini ikikutana na alikali hupenya ngozi laini ya mdomo ikaingia damuni moja kwa moja. Siga haina haja ya chokaa, kwani moshi wake wenyewe ni wa alikali. Moshi wa sigara una uasidi kidogo, ndiyo maana mvutaji huuvuta hadi ndani kabisa. Kwa hiyo nilipochukua mate ya ami nikapima kotinini, yaani kile ambacho nikotini hugeuka ikishapita kwenye ini, zamu ya kucheka ikawa yangu. Sikucheka, lakini.

Kotinini nayo ina kasoro. Hupungua nusu kila baada ya saa 16 hivi, kwa hivyo anayevuta Jumamosi peke yake, ukimpima Alhamisi humpati. Tena haijui tofauti ya siga na ugoro, wala bandiko la nikotini analobandika mtu anayejaribu kuacha.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni NNAL, cha mkojo. Tumbaku ikikaushwa na kuchachushwa, ndani yake hutokea kemikali iitwayo NNK, ambayo IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, limeiweka katika kundi la kwanza, la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Mwili huigeuza kuwa NNAL, nayo haina haraka: kupungua nusu huchukua siku 10 hadi 18. Na asili yake ni tumbaku tu. Mama anayekaanga samaki juu ya kuni tangu alfajiri, kaboni monoksidi yake yaweza kupanda naye hajashika sigara maishani. Kijana wa bodaboda huvuta benzini, kemikali iliyomo pia katika moshi wa tumbaku, kila akijaza tangi. NNAL haiwasingizii hao.

Ila mpimaji ajihadhari na madafu! Mtu akinywa matatu njiani, mkojo huwa mwepesi na NNAL huonekana haba. Ndipo maabara hupima pia kreatinini, taka ya misuli ambayo nayo huwa haba mkojo ukiwa mwepesi, wakalinganisha hii na ile.

Huko Marekani, wataalamu walichambua vipimo vya watu wa nchi nzima vya 1999 hadi 2012, wakakuta NNAL ya wanaovuta siga kila siku inakaribiana na ya wavuta sigara wa kila siku. Mimi sikushangaa. Siga moja kubwa yaweza kubeba tumbaku ya pakiti nzima.

Naam, kijana? Anayeibana mdomoni bila kuiwasha? Ami hufanya hivyo chomboni, upepo ukikataa kiberiti. Mate hulowesha jani na nikotini hutoka vilevile. Kifaa cha kupuliza hapo hakioni kitu; tutaona kwenye mate. Wangapi kwenu hufanya hivyo? Mbona mnatazamana? Haya, vikombe viko kwa yule dada pale mlangoni.